Ndama Hazaliwi Zizini

Tangu mkwewe arudi kutoka hospitali na mtoto mchanga, Mbuke alikuwa hakai kitako. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alifunika chungu, akakifunua, akakifunika tena. Alikwenda mpaka zizini akarudi mikono mitupu, halafu akakumbuka kwamba hata hakuwa amefuata kitu huko. Mumewe, mzee Maige, mtu ambaye hata kusimama kwake ni jambo la kufikiriwa kwanza, alimwuliza kama ameingiwa na siafu miguuni. Afadhali wangekuwa siafu.

Alikuwa na jambo, na jambo lenyewe lilikuwa kwenye kitovu cha mjukuu wake wa siku sita.

Mjukuu huyo hakuwa wa kwanza. Limi, mke wa mwanawe Marcel, alikuwa amekwisha kuzaa mara mbili katika nyumba hiyo hiyo, huko huko Bugarama, na mara zote mbili Mbuke ndiye aliyempokea mtoto. Walikuja wazima, wenye sauti, wakanyonya mpaka mama yao akalalamika. Siku ya saba yule wa kwanza akakataa titi. Mdomo ukabana, mgongo ukapinda kwa nyuma, na kila alipoguswa, au mtu alipoangusha kata ndani ya nyumba, mwili mzima ulikakamaa. Sauti ya kulia nayo ikapotea. Wa pili alifika siku ya nane, akaenda kwa njia ile ile. Watu waliuita ugonjwa wa siku ya nane, kwa sababu hawakuwa na jina lingine la kuupa.

Na msidhani Mbuke alikuwa mkunga wa kubahatisha. Nusu ya vijana waliokuwa wakicheza ngoma kijijini mwaka ule wa hamsini na tatu walipita mikononi mwake. Waliopona walimpa sifa yeye, na waliokufa walimpa lawama mtu mwingine. Ndivyo ilivyo kazi ya ukunga, na si ukunga peke yake.

Dawa yake ya kitovu ilijulikana. Mavi makavu ya ng'ombe, yaliyosagwa mpaka yakawa laini kama unga, yakachanganywa na samli. Wala hayakuwa ya ng'ombe yeyote. Yalikuwa ya yule jike mweupe aliyeletwa kwa mahari ya binti yake mkubwa, ng'ombe wa heshima, ambaye wageni walionyeshwa kabla hawajapewa kiti. Mtoto akipakwa hayo, kitovu kinafungwa kwa mali ya ukoo, na balaa haioni pa kuingilia. Mbuke mwenyewe alipakwa, na watoto wake saba walipakwa, na wanne wakakua. Hao watatu wengine hakuna aliyeuliza walikufa na nini.

Yule mjukuu wa kwanza alimpaka mara moja kwa siku. Alipokufa, kijiji kilitafuta mchawi, na mchawi hakosekani akitafutwa. Walimpata mama yake Nkwabi, mjane aliyekaa upande wa pili wa bonde, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa macho mekundu kwa moshi wa jikoni na kutokuwa na mwanamume wa kumsemea. Walimwondoa na mkeka wake na chungu chake, akashika njia ya Kahama. Mbuke alisimama kando ya njia kumtazama akipita, na hakusema neno. Alipokuja mjukuu wa pili, kwa hofu na mapenzi, alimpaka mara tatu kwa siku. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini ni nani anayeanza kujipekua nguo zake mwenyewe wakati za jirani zipo?

Mimba ya tatu ilipoonekana, Marcel alituma barua kutoka Geita, kwenye mgodi wa dhahabu alikokuwa akifanya kazi ya kusukuma magari ya mawe. Katekista aliisoma uani, kila mtu akiisikia. Marcel alisema kambini kwao wapo wake wa wachimba migodi wa kila kabila, na wanaozalia kwa wakunga wa hospitali watoto wao wanafika siku ya arobaini. Kwa hiyo Limi azalie hospitali ya misheni, asizalie nyumbani. Katekista alipofika hapo akakohoa na kumtazama Mbuke. Mbuke alisema barua imesikika.

Aliumia, msiniulize kama aliumia. Mwanawe wa kumzaa anamnyang'anya kazi yake mbele ya katekista. Lakini alimsindikiza Limi, akakaa naye katika kibanda cha wajawazito mpaka uchungu ulipokuja siku ya Jumapili. Akazaliwa mtoto wa kiume. Aliyempokea alikuwa nesi mmoja aitwaye Generosa, Mhaya kutoka Bukoba, kijana, mwembamba, ambaye mwenyewe hajazaa hata mara moja. Mbuke aliliona hilo kabla ya kuona jambo lingine lolote.

"Shikamoo, bibi," Generosa alimwambia siku ya kuondoka.

"Marahaba."

"Kitovu hiki kikae kitupu. Kiwe kikavu, kisafi. Usiweke jivu, usiweke samli, usiweke mavi ya ng'ombe. Usiweke kitu. Kitadondoka chenyewe. Umenielewa, bibi?"

"Ndiyo."

"Kitu chochote, bibi."

"Ndiyo, mwanangu, ndiyo."

Ndiyo ya Mbuke siku hiyo ilikuwa ya kumfukuza inzi. Walifika nyumbani Jumanne mchana. Limi alipotoka kwenda msalani nyuma ya nyumba, Mbuke akamfunua mtoto akakitazama kile kitovu. Kilikuwa kimekaa wazi, kimefungwa uzi mweupe tu, kama boma lisilo na ua, na fisi wako nje. Wale wawili walilindwa na bado wakachukuliwa. Huyu asiyelindwa kabisa atafika wapi? Akachukua kibuyu chake, akapaka kidogo, akafunika kwa kitambaa. Akapaka Jumatano asubuhi na jioni. Akapaka Alhamisi. Limi hakuona, maana mtoto alikuwa akiogeshwa na bibi yake, na mwanamke mwenye adabu hamwogeshi mtoto bibi yake akiwa yupo.

Hapo ndipo wasiwasi ulipoanzia. Si kwamba aliona amekosea. Aliona amesema ndiyo akafanya hapana, na neno la mtu mzima likigeuka hivyo halikai vizuri tumboni. Alijiambia likipita la siku ya nane atamwambia Limi, na wote watacheka, na yule binti wa Bukoba atajua kwamba kuna watu walizaa kabla yake.

Ijumaa, jua likiwa limeshapanda, Maige alimwita.

"Mama Marcel, njoo unisaidie kumtoa huyu."

Ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa anataka kuzaa. Alikuwa anazungukazunguka zizini, ameinua mkia, kwato zake zikididimia mavini. Maige akamfunga kamba, Mbuke akamswaga kwa nyuma, wakamtoa mpaka kwenye majani makavu kando ya uzio, mahali ambapo mifugo haikuwa imelala. Kazi hiyo Mbuke alikuwa ameifanya tangu akiwa msichana. Baba yake aliifanya. Kila mfugaji wa upande ule aliifanya, hata mlevi, hata mvivu kama Maige.

Labda ni ule wasiwasi wa siku tatu uliomfungua mdomo. "Kwa nini tunawatoa?" aliuliza.

Maige alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini tunakula. "Leo ndiyo unauliza?"

"Nauliza tu."

"Ndama hazaliwi zizini. Akiangukia mavini, kitovu kibichi kinaingia uchafu. Utamwona siku mbili tatu anarukaruka, unafurahi. Halafu magoti yanavimba, anakakamaa, hanyonyi. Ukishamwona hanyonyi, tafuta kisu uchune ngozi." Akamshika ng'ombe pembe. "Mimi ndama wangu hawafi kwa uzembe."

Ndama alizaliwa. Alikuwa jike, mzuri, na Maige alimsifia kwa jina la mama yake na bibi yake. Mbuke hakumwona. Alikuwa amesimama na fimbo mkononi, na neno moja lilikuwa linamzunguka kichwani: hanyonyi. Alilijua neno hilo. Alilisikia kwa Limi mara mbili, katika nyumba ile, sauti ile ile. Mayu, hanyonyi, yaani mama, hanyonyi.

Miaka yote hiyo walimtoa ng'ombe mavini ili ndama apone, kisha wakayabeba mavi yale yale wakayaingiza ndani wakampaka mtoto.

Aliitupa fimbo akaenda nyumbani nusu akikimbia, na umri wake haukuwa wa kukimbia. Limi alikuwa uani akianika nguo. Mbuke aliingia ndani, akachukua maji ya moto na kipande cha sabuni, akamfunua mtoto, akaosha kitovu, akaosha tena, akasugua mpaka mtoto akaamka na kulia. Akamfunika. Akakiendea kibuyu, akamwaga kilichomo motoni, na nyumba ikajaa moshi wa samli.

Basi imekwisha, alijiambia. Nimeosha. Hakuna aliyeona. Mungu naye amezoea kusamehe.

Alijaribu kukaa. Alikaa kwenye kigoda, akainuka. Alichambua mtama kidogo, akauacha. Alizunguka nyumba mara moja, mara mbili, na mara ya tatu akasimama dirishani kusikiliza kama mtoto analia. Hakulia. Alikuwa amelala. Lakini usingizi gani huo? Wa kwanza naye alilala sana kabla ya siku ya saba. Au hakulala? Mbuke hakukumbuka vizuri, na kutokukumbuka huko kulimtia kichaa. Akaingia akamgusa shavu. Mtoto akageuza mdomo akitafuta titi, na Mbuke akashusha pumzi, na kabla pumzi haijaisha akaanza kuogopa upya.

Alijua kuna dawa hospitali. Alikuwa amemsikia yule Generosa akimwambia mama mmoja wodini kwamba mtoto akiwahishwa kabla hajabana mdomo, kuna sindano. Akishabana, ni kuomba tu. Kwa hiyo njia ilikuwa wazi, na ilipita mahali pamoja tu: mdomoni mwa Mbuke. Lazima aseme. Na akisema, atakuwa amesema na la wale wawili. Atakuwa nani katika nyumba hii? Atapita njia ile ile aliyopita mama yake Nkwabi, na mkeka na chungu, na watu wamesimama kando wanamtazama. Tofauti ni kwamba mjane yule hakuwa amefanya kitu.

Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Maneno hayo Mbuke aliwahi kuwaambia wenzake mara nyingi, kwa raha kabisa, yalipowahusu wao.

Alitoka uani.

"Limi, chukua nguo za mtoto. Tunarudi hospitali."

Limi aligeuka, nguo mbichi mkononi. "Kuna nini, mayu?"

"Nimempaka mavi ya ng'ombe kitovuni."

Limi hakuelewa mara moja, au hakutaka kuelewa. "Lini?"

"Tangu Jumanne. Ulikuwa msalani. Jana nilipaka tena. Leo nimeosha."

Mbuke alingoja mayowe, matusi, hata kofi. Alikuwa amejiandaa kwa kofi. Limi aliiweka nguo mbichi kwenye kamba, akainyoosha pembe zake zote mbili, akaingia ndani. Alipotoka mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kanga, na Limi akapita mbele ya mama mkwe wake kana kwamba anapita mbele ya mti.

Ulikuwa msimu wa pamba. Walikwenda kwa miguu mpaka gulioni, saa moja na nusu ya mwendo, Limi mbele, Mbuke nyuma akihema. Kila mara mtoto alipotikisika mgongoni, Mbuke alikazana kumfikia atazame kama ni kutikisika kwa kawaida au kule kwingine. Kila alipomfikia, Limi aliongeza mwendo.

Gulioni walikuta lori linapakia magunia. Dereva, Selestine, mtu mnene mwenye kofia ya khaki, alisema hachukui watu, sheria hairuhusu, na juzi tu ameonywa. Limi akamgeuzia mgongo ili amwone mtoto.

"Huyu ni wa tatu," alisema. "Wawili nimezika."

Selestine alivua kofia, akajikuna, akawaonyesha juu ya magunia.

Lori liliyumba barabarani, vumbi likawafunika mpaka nyusi zikawa nyeupe. Mbuke alikaa upande mmoja, Limi upande wa pili. Mtoto alikuwa ananyonya. Mbuke alikuwa anahesabu mafunda, na kila mtoto alipopumzika yeye alisimamisha pumzi. Safari nzima Limi hakusema neno, na Mbuke, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa la kusema, hakupata hata moja linalofaa kuanzia.

Walifika jua likielekea kuzama. Generosa alikuwa anafunga dirisha la chumba cha dawa. Alimchukua mtoto, akamfunua mezani, akakinusa kitovu, na uso wake ukakaza.

"Nani ameweka?"

"Mimi," alisema Mbuke. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa kuwa hapa palikuwa na watu wanasikiliza.

Generosa hakumgombeza. Alifanya kazi. Alisafisha kwa dawa iliyonukia kali, akaenda kuzungumza na mganga mkuu, akarudi na sindano, akamdunga mtoto pajani. Mtoto akalia, kilio kirefu cha hasira, na akina mama wodini wakasema pole, pole baba, mnyamazisheni.

"Mwacheni alie," Mbuke alisema. "Mwacheni tu."

"Hii ni ya kuzuia pepopunda," Generosa alisema. "Siwezi kukuahidi kitu, bibi. Mmewahi, lakini siku nne ni nyingi. Mtakaa hapa mpaka ipite wiki, na akikataa titi hata mara moja, mnaniita." Kisha akamgeukia Limi, na sauti yake ikashuka. "Lakini wewe nilikueleza. Nilikuambia mpaka la wale wawili wa kwanza, kwamba ni hiki hiki kilichowaua. Nikakuambia umwambie mama mkwe wako. Hukumwambia?"

Mbuke alimtazama Limi. Limi alikuwa anatazama sakafu.

"Ningemwambiaje?" alisema. "Mama wa mume wangu. Ningesimama mbele yake niseme, mayu, wewe ndiye umewaua? Kwetu mtu hasemi hivyo. Nilidhani akisikia kwa nesi inatosha. Nilidhani nitamchunga. Nikalala usingizi."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mmoja alificha kwa kiburi, mwingine alificha kwa heshima, na mtoto aliwekwa katikati. Mbuke alitaka kumwambia kwamba angesema tu, kwamba yeye angesikia. Akayameza, maana alijua ni uongo. Angemfukuza nyumbani.

Bibi hawakuruhusiwa kulala wodini, kwa hiyo Mbuke aliwekwa barazani na mkeka wa kuazima. Siku saba hakuuzoea. Alitembea kutoka mwisho mmoja wa baraza mpaka mwisho wa pili, hatua ishirini na sita, akageuka. Wafagizi walimzoea wakawa wanamzunguka na mifagio yao. Limi alitoka kufua, kuota jua, kuchukua uji, na hakumsemesha. Chakula alimletea, tena kwa mikono miwili, akakiweka chini, akaondoka. Hiyo adabu ndiyo iliyomwumiza Mbuke kuliko tusi. Alichokuwa nacho ni sauti ya mtoto kupitia ukutani. Akilia, Mbuke alisimama na kufumba macho kwa furaha. Akinyamaza muda mrefu, alisimama kizingitini na kumwita nesi mpaka nesi akachoka naye.

Siku ya saba ya mtoto ilipita. Ya nane ikapita, na Mbuke hakula kutwa. Ya tisa. Ya kumi kitovu kilidondoka, kikavu, kisafi, na Generosa akatoka barazani kumwambia mwenyewe, kwa kuwa aliona hakuna mwingine wa kumwambia. "Ananyonya kama mwizi," alisema. "Tungoje siku tatu nne zaidi, halafu mwende."

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, lilikuja gari la kukokotwa na ng'ombe. Ndani yake alikuwamo binti mwenye uchungu, na mama mtu mzima amemshika kiuno. Wakampeleka binti ndani, na yule mama, akikatazwa kuingia, akakaa barazani karibu na mkeka wa Mbuke. Akatoa pumzi. Akafungua fundo la kanga yake kuhakikisha kitu fulani bado kipo. Kilikuwa kibuyu kidogo, na harufu ya samli iliyochacha ikamfikia Mbuke kabla hajakiona.

Limi alikuwa mwisho wa pili wa baraza, kwenye jua, anamnyonyesha mtoto.

Mbuke angeweza kumwita nesi. Nesi angekinyang'anya kibuyu, yule mama angesema ndiyo, na nyumbani kipo kingine. Mbuke aliijua ndiyo hiyo. Miguu yake ilitaka kutembea, akaikataza. Akakaa.

"Dada, hiyo ni ya kitovu?"

"Ya kitovu," alisema yule mama kwa fahari. "Hawa wa hapa hawajui. Mtoto akirudi nyumbani tutamfanyia yetu."

"Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nimewaua wajukuu wawili kwa hiyo."

Yule mama alicheka kidogo, akidhani ni namna ya kusema. Kisha akaona uso wa Mbuke, akaacha.

"Wawili wa nyumbani kwangu," Mbuke aliendelea, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona. Wafagizi walisimama. "Wa majirani siwajui idadi. Na watatu niliowazaa mwenyewe, nadhani nao. Kuna mwanamke alifukuzwa kijijini kwa ajili ya mjukuu wa kwanza, wala hakumgusa. Niliyewagusa ni mimi. Mumeo anafuga?"

"Anafuga."

"Ng'ombe wake wanazalia wapi?"

Yule mama alikiangalia kibuyu. Hakukitupa, watu hawatupi vitu hivyo kwa neno moja la mgeni. Alikishika tu, kama mtu aliyepewa mzigo wa mwingine. Baadaye akauliza, taratibu, "Waliitwa nani, hao wajukuu?"

Mbuke alitikisa kichwa. Kwao mtoto haitwi jina kabla kitovu hakijadondoka, na wasiofika hapo huzikwa na wanawake bila matanga, wala hawatajwi. "Hawakuwa na majina," alisema.

"Walikuwa nayo."

Ilikuwa sauti ya Limi. Alikuwa amesimama, mtoto kifuani, na alikuwa anamtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile uani.

"Wa kwanza nilimwita Sikujua," alisema. "Wa pili nilimwita Esta. Nilikuwa nawaita nikiwanyonyesha, nyie mkiwa nje. Sikumwambia mtu, hata Marcel."

Mbuke aliyarudia majina yale kwa sauti ndogo, moja, kisha la pili. Machozi yalimtoka bila kelele. Hakuwa ameomba msamaha mpaka siku hiyo, na hata sasa hakujua uombwe kwa maneno gani, kwa hiyo akayarudia tena majina, na Limi akamwacha ayarudie.

Mtoto aliachia titi, akaanza kupiga kelele kwa ajili ya upande wa pili. Limi alimsikiliza kidogo, akampa, akangoja ashibe. Kisha akaja, hatua zote ishirini na sita, akasimama mbele ya mkeka.

"Nataka kwenda kufua," alisema. "Nawa mikono, mayu, umshike."

Mbuke akainuka, akaenda kwenye ndoo iliyo kando ya mlango, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akarudi.